Mkate wa Askari wa Kifaru

Nitegulie hiki, mjukuu wangu: nyumba ya chuma, yatembea yenyewe, na jiko lake limeelekezwa kwa majirani. Ni kifaru cha Wajerumani kitemacho moto, kile kilichoteketeza mtaa wa wafumaji asubuhi ile. Adhuhuri dereva wake akaja kwa Hanka, mwoka mikate, uso umejaa masizi.

“Mama, tuna njaa.”

“Koma! Nilikuzaa mimi? Mmechoma mtaa mzima, sasa mnataka kula kwangu!” Hanka akaukumbatia mkate. Dada yake aliishi huko, na hajaonekana. “Ile nyumba ya mlango wa buluu, mlipoitia moto, ilikuwa na mtu?”

Askari akatazama viatu vyake.

“Kulikuwa na mwanamke dirishani,” akasema. “Akipunga kitambaa cheupe.”