Skrubu Mbili za Mzee Marijani

Bisibisi iliteleza kwa mara ya sita, ikamchuna Gaudens ngozi ya kidole gumba. Akalaani. Si bisibisi aliyoilaani, bali fundi aliyemtangulia.

"Huyu aliyefunga hizi tapeti za valvu alisomea ufundi au kukaanga maandazi?" aliuliza kutoka uvunguni mwa gari. Fundi wa Dar akifungua injini, kwanza anamtukana fundi aliyepita. Spana baadaye.

Gari lenyewe lilikuwa Volkswagen, mgongo kama kobe, umri sawa na mama yake Gaudens. Wiki mbili nzima, hapo uani Kimara, alikuwa ameishusha injini, akaiosha, akabadilisha pistoni, akairudisha. Zilibaki skrubu mbili za tapeti, za kurekebishia valvu, zimegandia kwenye nati zake kwa kutu. Zisipolegea, gari halitoki. Na saa kumi alasiri ya siku hiyohiyo, Mzee Marijani alitakiwa Kibamba akaoe mke wa pili. Ameapa ataingia ukweni na gari lake.

Mke wa kwanza, Bi Mwamvita, alikuwa amekaa kibarazani anachambua mchele, macho kwa fundi. Gaudens alijua anachokiomba: skrubu zisifunguke mpaka kiama.

"Fundi, kwani ukizipasha moto kwanza?"

"Hii injini, mama, si maharage."

Mzee Marijani alicheka dirishani, povu la kunyolea shavuni. "Muache huyo. Miaka thelathini namwendesha, hajui hata mafuta yanaingilia wapi."

"Na likipona, litafika mbali?" Bi Mwamvita aliuliza.

"Litafika Kibamba, mama. Pole yako."

Saa saba Gaudens akaenda kula. Kabla ya kuondoka alizimwagia skrubu dizeli, akalitia kufuli sanduku la spana. Wake wenye wivu anawajua. Mmoja wa Ubungo alishawahi kumwaga kilo ya sukari kwenye tangi la gari la mumewe, mteja wa Gaudens.

Aliporudi, ua mzima ulinuka mshumaa. Loo, akawaza, leo Volkswagen limefanyiwa uganga. Akajipenyeza uvunguni akitegemea kukuta balaa.

Bisibisi ikazunguka kama kijiko kwenye chai. Skrubu zote mbili.

"Dizeli yangu hiyo," akajitangazia. "Mafundi wengine wangeshazikata kwa msumeno."

Akapima tapeti, akafunga mifuniko, akawasha. Injini ikanguruma bila kukohoa. Mzee Marijani akapiga kofi moja la furaha, akakimbilia bafuni.

Bi Mwamvita hakulia, hakununa. Alitoka na mabegi mawili makubwa, akafungua buti la mbele, akayapanga taratibu. Gaudens alimtazama, dharau ikampanda mpaka puani. Mwanamke gani huyu anambebea mke mwenzake vitu vya harusi? Hata hasira hana.

Kisha akamwona anafungua mlango wa upande wa usukani.

"Mama, hapo anakaa dereva."

"Najua, mwanangu."

Gari likarudi nyuma, likakata ile kona nyembamba ya geti ambayo Mzee huikwaruza kila mara, wala halikugusa ukuta. Likasimama sambamba na Gaudens. Kioo kikashuka.

"Ile skrubu ya kushoto ndiyo iliyonitoa jasho, imemaliza mshumaa mzima," Bi Mwamvita alisema, huku akiingiza gia ya kwanza. "Mwambie bwana harusi bajaji zipo hapo njia panda."