Taa ya Kijani ya Bibi

“Enyi wakazi wa nyumba hii! Taa ikigeuka kijani, seva iliyohifadhi kumbukumbu za marehemu Bibi itakuwa tayari kupokea wageni!” Shomari alitangaza kwa sauti ya kadhi, huku kaptura ikimporomoka.

Sheria ilimruhusu marehemu kuzungumza na mtu mmoja tu kwa siku, na kila asubuhi Mwanakheri, dada yake Shomari, ndiye aliyewahi kubisha hodi. Wivu ulimkaba Shomari kama mwiba wa samaki. Ndiyo maana jana aliichokonoa taa, iwake kabla Bibi hajawa tayari.

Taa ikageuka kijani.

“Hodi, Bibi!” aliita Mwanakheri.

Kimya.

“Amenikataa,” akasema, machozi yakimlengalenga.

Shomari akangoja kidogo, kisha akasogea kwa madaha. “Hodi, Bibi kipenzi!”

“Karibu, fundi taa. Jana nilikusikia ukichokonoa huku ukicheka.”

“Lakini ulikuwa umezimwa!”

“Kufungua mlango ndiko kunakonichelewesha, mjukuu wangu. Kusikia, nasikia daima.”

Mwanakheri akachomoa waya wa umeme wa seva ili kumnyima zamu hiyo, akamkazia macho kaka yake.

“Ni mimi, dada,” Shomari akakiri kwa kunong’ona, ingawa Bibi alikuwa ameshazimwa.