Neno la Siri la Baba Aneth

Simu ilikataa tena. Magreti akafuta kioo kwa ncha ya kanga, kana kwamba kosa lilikuwa la vumbi, akaandika upya: Aneth, kwa herufi kubwa mwanzoni. Ikakataa. Akaandika yote kwa herufi ndogo. Ikakataa, na safari hii ikatoa onyo: imebaki nafasi moja, ukikosea, vyote vilivyomo vinafutika.

Akasimama. Akakaa. Akasimama tena, akaenda mpaka mlangoni mwa wodi na kurudi. Tangu afike hospitali hiyo ya Mikumi asubuhi, akitokea kwake Kimamba, alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mumewe Yared, fundi wa matrekta ya miwa kule Ruhembe, alikuwa ndani, kagongwa na pikipiki, kapasuliwa mguu, bado amelala kwa dawa. Daktari alishasema atapona. Kilichomchoma Magreti sasa ni binti yao wa kwanza. Aneth alichaguliwa chuo cha uuguzi, na ili asipoteze nafasi alitakiwa athibitishe kwa namba maalumu kabla ya saa kumi jioni siku ileile. Namba ilitumwa kwenye simu ya baba. Jana Yared alipiga akasema imeingia, atamsomea akitoka kazini. Akitoka kazini ndipo alipogongwa. Aneth aliomba itumwe tena, mfumo ukagoma. Na simu yenyewe haikuwa ya kufunguliwa kwa kidole wala kwa sura. Ilitaka neno, basi.

Benchini alikuwepo mama mmoja wa Ruhembe. Huyo ndiye aliyemwokota Yared barabarani akamleta, akakesha naye, akapika uji, akahangaikia dawa. Magreti alimshukuru mpaka maneno yakamwishia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na huyu wala hawakuwahi kuonana. Alipomuuliza anamfahamuje mumewe, alisema ni jirani wa pale alipopanga. Basi Magreti akamfungulia moyo.

Akamsimulia ile semina. Binti wa kompyuta kutoka Morogoro alikuja kanisani kwao baada ya ibada, akawakataza kutumia majina ya watoto kuwa neno la siri. Akawauliza, kwani ninyi hapa mnaitanaje? Si Mama Fulani na Baba Fulani? Basi kila jirani akikuamkia asubuhi, anakutajia neno lako la siri na wapita njia wanasikia. Watu walicheka, halafu wakainamia simu zao kimyakimya. Magreti mwenyewe alibadilisha lake kabla hajafika nyumbani.

“Sasa Yared,” akasema, “huyo mwanamume kichwa chake jiwe. Alisimama mbele ya kanisa zima akasema, mimi neno langu ni jina la mtoto wangu wa kwanza, na silibadilishi mpaka naingia kaburini. Jamani, mtu mzima anatangaza siri yake kanisani! Mchungaji alibaki kushika kichwa. Haya, niambie dada yangu, kama kweli hakubadilisha, mbona simu inamkataa Aneth?”

Yule mama aliinama, akawa anakunja pindo la kitenge chake na kulikunjua.

Magreti akaenda kumsihi nesi amwamshe mgonjwa japo kidogo tu. Nesi akasema haiwezekani, dawa haijaisha mwilini. Akarudi. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea kumi, na hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

Simu yake mwenyewe ikaita. Aneth. Mchana kutwa alikuwa akipiga analia. Safari hii hakulia, na hilo ndilo lililomtisha mama yake. Akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba basi, mama aache kuhangaika, ataomba tena mwakani. Magreti alizijua mwakani za wasichana wa mtaani kwao, namna zinavyoishia jikoni kwa mtu. Akakata simu, akajifunika uso kwa kanga. Iliuma, na hakuona haya kulia mbele ya mgeni.

Yule mama akasogea karibu, na macho yake pia yalikuwa yamelowa.

“Dada,” akasema taratibu, “jaribu Elia.”

“Elia ndiye nani?”

“Andika kwanza. Muda wa mtoto unakwenda.”

Magreti akaandika herufi moja baada ya nyingine.

Simu ikafunguka.