Mtahiniwa Alphonce Kapinga

“Florian!”

Kijana hakugeuka. Aliendelea kusoma kitabu chake cha Jiografia kwenye ngazi za bweni.

“We Florian, nyoka huyo mguuni!”

Hata hapo hakugeuka. Baba yake mdogo, Edmund, akajitokeza akicheka.

“Sasa umeiva. Alphonce!”

“Naam, baba mdogo.”

Edmund alikuwa karani wa shule hiyo, nje kidogo ya mji wa Mbinga. Miaka miwili nyuma, yatima mmoja wa Kitai, Alphonce Kapinga, alichaguliwa kuingia kidato cha tano hapo. Hakuripoti, alikimbilia Tunduru kuchimba mawe ya thamani. Florian wa Kihagara, mtoto wa kaka yake Edmund, alikuwa amekosa nafasi kwa alama chache. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila kitu kikiruhusiwa, na Edmund hakuona ajabu jina nalo kuhama. Alimpa Florian nafasi, kitanda na jina.

Sasa ulibaki mtihani wa kidato cha sita, kisha chuo kikuu.

“Jina likiitwa, itika hapo hapo,” Edmund alimwonya. “Ukisitasita, tumekwisha wote wawili.”

Mama yake Florian, Hilaria, alipanda lori kutoka Kihagara, kando ya ziwa, kuja kumngojea mwanawe amalize. Edmund alimwahi getini.

“Shemeji, hapa hakuna Florian.”

“Mimi nimwite mwanangu jina la mtu nisiyemjua?”

“Mwite hivyo hivyo. Akikuuliza mwalimu, akikuuliza mpishi, huyu ni Alphonce Kapinga, na wewe ndiye uliyemlea. Ukikosea, chuo kikuu asahau.”

Basi Hilaria alishinda nyumbani kwa Edmund akipeta mahindi na kulirudiarudia jina lile kama mtoto anayejifunza Katekisimu. “Alphonce. Alphonce. Hata ulimi unakataa!”

Mitihani ilipokaribia kwisha, Urbani, jirani yake Florian bwenini, alimjia anacheka.

“Alphonce, kuna mtu wa koti la kijivu anakuulizia. Viatu vyake vya kiaskari. Umempa nani mimba, bwana?”

Florian alitaka kucheka, akashindwa. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Edmund.

“Wamesikia fununu tu,” Edmund alisema, akifunga mlango kwa ufunguo. “Umebaki mtihani mmoja. Kaza moyo.”

Mtihani huo ulikuwa wa Historia. Kila alipoinua macho, Florian aliliona koti la kijivu dirishani. Hata hivyo aliandika, akajaza karatasi, akaomba nyingine. Alipotoka nje alijua amefaulu.

Mwenye koti alikuwa mlangoni na askari wawili. Hilaria na Edmund walisimama kando yao.

“Alphonce Mansuetus Kapinga wa Kitai?”

“Ndiye mimi, afande.” Hakupepesa macho.

“Sema kweli, kijana. Wapo waliotuambia kwamba wewe siye.”

“Ndiye mimi.”

Afande alimgeukia Edmund.

“Ndiye,” Edmund alijibu haraka. “Nimempokea mwenyewe. Wanaosema vingine wana wivu.”

“Na wewe mama, unamfahamu?”

Hilaria alimtazama mwanawe. Jasho lilikuwa likimtiririka Florian shingoni, na baridi yote ile ya Mbinga. Mama akakaza kitenge kiunoni, akasogea mbele.

“Huyu ni Alphonce Kapinga, baba. Nimemlea mimi tangu ananyonya.”

“Unaweza kusema hivyo mbele ya hakimu?”

“Hata nikishika Biblia.”

Afande alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo mzito. Akatoa pingu.

“Alphonce Kapinga, nakukamata kwa kumuua dalali wa mawe kule Tunduru, likizo iliyopita.”