Spika za Nyuma

Mama alishika ncha ya futi ya kupimia, nami nikarudi nyuma nayo mpaka ukutani.

"Mita nne na nusu," nilimwambia fundi wa spika kwa simu. Duka lake liko Firq, na hauzi kitu kabla hajajua ukubwa wa chumba.

"Chukua zile ndogo basi. Tatu mbele, mbili nyuma. Msikilizaji atakaa wapi?"

Nilitazama kitanda cha Mama, na kando yake kiti anachosalia tangu magoti yalipomkatalia kusujudu.

"Hapo kati," nilisema.

Mama alicheka. Futi bado kaibana kwa vidole viwili, kwa uangalifu, kama mtu anayetunga sindano. "Spika tano, Humoud, kwa masikio yangu haya? Redio ingenitosha, mwanangu. Mungu akuweke."

Dada yangu anayekaa Ibra keshamtayarishia Mama chumba kwake. Tulikubaliana wiki iliyopita ahamie huko, na chumba hiki nikichukue mimi; kumwambia Mama ilikuwa juu yangu.

"Iachie sasa, Mama."

"Ngoja, hujapima penye mto," alisema, akaivuta futi mpaka kitandani. "Nisikie vizuri nikilala."