Moto Aliouzima Bi Nungunungu

Zamani hizo, wanyama wangali wakipigiana hodi, Nungunungu na mkewe mjamzito walihamia nchi ya pimbi. Mume alikuwa na fahari zake. Alimgawia viazi kila pimbi aliyekutana naye, lakini yeye akipewa kitu alikataa: "Ahsante, tunavyo."

Wakakaa, wakakaa, asiwabishie hodi mtu. Tumbo la mke likashuka.

"Mume wangu, siku ikifika nitashikwa mgongo na nani?"

"Subiri, tutawapa na mihogo."

Mke akaguna tu. Mume alipotoka, mke alimwagia moto wake maji, akaokota kigae, akaenda kwa Bi Pimbi.

"Hodi, jirani. Moto wangu umezimika. Nisaidie kaa moja."

Bi Pimbi alicheka mpaka magego yakaonekana. "Kumbe na ninyi hupungukiwa? Sisi tulidhani mmekuja kututawala kwa viazi. Na tumbo hilo, mwenzangu, unazunguka peke yako? Rudi ukakae, moto nakuletea mwenyewe."

Akauleta, na dada zake wakamfuata, wakawa hawaishi kuja. Uchungu ulipomshika Bi Nungunungu, wakunga walijaa mpaka mlangoni, na mtoto akapokewa kwa vigelegele.

Baadaye mke alimweleza mumewe ule moto ulizimwaje. Nungunungu akauliza, "Mama watoto, chumvi tunayo?"

"Tele."

"Basi nipe kikombe nikaombe."

Akashika njia ya kwa pimbi, miiba yote imelala.