Mitende ya Mwenye Nyumba

Kwa mara ya tano mzee yule alivua viatu, akaviacha nje ya geti, ndipo akabisha hodi. Laurence alimwona kupitia dirisha la sebule, moyo ukamlipuka paa! Jumapili ya tano hiyo mfululizo, saa ile ile, watu wakitoka misa ya pili.

"Karibu, papa," alimwitikia, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

Mzee hakuja kumwona yeye. Alikuja kuona mitende. Siku ya kwanza alisimama pale getini akamkazia Laurence macho usoni, kisha akasema, "Mama, mi naomba tu kuangalia miti." Tangu hapo hakukubali kiti cha barazani hata mara moja. Maji aliyanywa wima. Ni uchungu wa mtu aliyenyang'anywa, Laurence aliwaza, na haki yake.

Maana mzee aliujua uwanja ule kuliko yeye. Bomba lililofukiwa na majani alilikuta bila kutafuta. Alipita mti kwa mti akiitaja.

"Huu mukindu ulitoka Nyamyumba. Ile kubwa ni ya Kanari, mbegu yake ilitoka Bujumbura ndani ya kopo ya maziwa. Ile yenye jani kama pepeo, tulingojea mwaka muzima iote, tukafikiri imekufa."

Laurence alijikaza akauliza, "Unaijua hii nyumba, papa?"

"Nililala hapa myaka tisa. Nusu ya hii miti nilipanda na hii mikono."

Kisha aliinama akawa anang'oa magugu, machozi yakimdondoka, wala hakuyafuta. Laurence hakuuliza tena. Aulize nini, na jibu ameshalipata?

Tuseme kweli, mama huyu hakuwa mwizi. Alizaliwa Bukavu, kwa wazazi waliokimbia Rwanda zamani, akarudi Agosti ya 1994, mauaji yalipokwisha, na watoto watatu na godoro moja. Alikuta nyumba imeachwa, mlango umeng'olewa, akaingia kama walivyoingia wengine. Alichokipenda kwanza si nyumba, ni ile mitende ishirini na mitatu ya kila aina. Kila mti ulikuwa na kibati kimefungwa kwa waya, na juu yake mtu ameandika jina la mti, ulikotoka na mwaka. Laurence akanogewa. Akawa anaagiza mbegu Goma, anaziloweka, anaziotesha kwenye makopo nyuma ya jiko, mpaka majirani wakamtania: "Mama Laurence, hiyo mitende yako inapikwa na maharage?"

Lakini mwishoni mwa 1996, wakimbizi wa 1994 waliporudi kwa maelfu kupitia Grande Barrière, mpaka wa Goma, ikatangazwa kwamba mwenye nyumba akijitokeza, arudishiwe. Laurence akaviangalia vile vibati. Mwandiko ule ulikuwa ushahidi mtupu. Akavikata kimoja kimoja, akavitia mfukoni, akaenda kuvitupa ziwani. Majirani hakuwauliza nyumba ilikuwa ya nani, kwa kuwa aliogopa kuambiwa. Na konseye, diwani wa sekta, alipopita kuuliza, alimjibu mkavu wa macho, "Mwenyewe simjui."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Majina alikuwa hajayakariri, kwa hiyo tangu siku ile alipalilia na kumwagilia miti asiyoweza hata kuiita. Kila akipita na ndoo aliona aibu.

Sasa mwenyewe amerudi, mnyonge, shati moja kila wiki, wala hafoki, wala hadai. Jumapili iliyopita alimkuta Laurence na panga juu ya ngazi, akamshusha taratibu. "Mama, usikate majani mabichi. Palmiye iko na moyo moja tu, pale juu. Ukiukata, muti wote unakufa." Upole ule ulimchoma Laurence kuliko kushtakiwa. Mwishowe akaenda Mahoko kumwomba dada yake, Kabatesi, ampokee yeye na watoto.

"We! Una akili kweli?" Kabatesi alimaka. "Mutu hajadai, wewe unamupa?"

"Njo maana," Laurence akasema. "Angedai ningegombana naye."

Basi Jumapili hiyo ya tano mizigo ilikuwa imeshafungwa. Laurence alimshika mzee mkono akampeleka hadi barazani, akaweka funguo mezani mbele yake. Maneno aliyatoa yote.

"Papa, unisamehe. Nilijua hii nyumba iko na mwenyewe, nikadanganya. Vibati vyako vya miti, ni mi nilivitupa. Funguo ni hizi. Nyumba ni yako, na miti ni yako."

Mzee alizitazama funguo, akarudi nyuma hatua mbili.

"Hapana, mama. Mi naitwa Twagirimana, nilikuwa jardinier hapa, mufanyakazi wa bustani. Tangu siku ya kwanza nilifikiri we ni dada ya muzee Gasana, mwenye nyumba. Mnafanana sana. Kila Jumapili nakuja nikuambie, kinywa kinakataa." Akapiga magoti kwenye saruji. "Siku wale wa mapanga walikuja kumutafuta, walipita mara mbili bila kumuona. Ni mi niliwaonyesha pale alijificha."